Kamera ya bandani, mita 68 kutoka kwenye rauta: migomba, mvua na radi za Tukuyu

Mwanatukuyu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimehangaika na jambo hili tangu mwaka jana na bado kuna mahali nimekwama.

Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Tukuyu, wanne kwa sasa. Nyumba iko juu karibu na barabara, banda liko bondeni nyuma ya migomba. Nimepima kwa kamba: kutoka dirisha la sebuleni ilipo rauta mpaka nguzo ya kwanza ya banda ni mita 68. Ubavuni mwa banda kuna stoo ndogo ya tofali za kuchoma na bati, ndimo tunamoweka pumba, mashudu na ndoo za kukamulia. Umeme haujafika kule. Usiku tunashuka na taa ya sola ya mkononi.

Kilichonisukuma kutafuta kamera si wizi. Nilikuwa na mtamba, uzao wake wa kwanza. Alizaa usiku wa kuamkia Jumapili, mvua inanyesha, ndama katanguliza mguu mmoja na ule mwingine umejikunja ndani. Tulimkuta asubuhi. Ndama alikuwa ameshakufa, mama yake kalala kwenye tope anatetemeka. Daktari wa mifugo alipofika akasema angeitwa usiku uleule angeuweka mguu sawa na ndama angetoka mzima. Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Nikaamua kwamba kabla mwingine hajafikisha siku zake, niwe naliona banda nikiwa kitandani.

Mara ya kwanza fundi mmoja alinifungia kamera ya waifai yenye sola yake ndogo, akaweka na ripita kwenye ukuta wa jiko la nje ili kusukuma mawimbi mbele. Septemba ilikuwa raha tupu, nawaona ng'ombe wanacheua. Mvua za Novemba zilipokolea, picha ikaanza kuganda. Mara inazunguka tu, mara kamera "haipatikani". Fundi akarudi, akahamisha ripita, akahamisha kamera, akasema rauta ni mbovu. Nikabadilisha rauta. Hali ikawa ileile.

Siku moja nikashuka bandani na simu yenye programu ya kupima nguvu ya waifai. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyoikaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. Kabla ya mvua, majani makavu, ilisoma -69. Nikakaa juu ya gunia la pumba nikasubiri. Mvua ikanyesha kama robo saa, ikakatika, majani ya migomba yakawa yanachuruzika. Ikasoma -82. Simu ileile, gunia lilelile, sikusogea hata hatua moja. Hapo ndipo nilipoelewa. Jani la mgomba ni pana na lenyewe limejaa maji, likilowa na nje ndiyo kabisa, na maji yanameza mawimbi ya waifai. Halafu mgomba hautulii: mwanya uliokuwepo Septemba, Januari umezibwa na chipukizi lililokwisha kuwa refu kuliko mimi. Na migomba siwezi kuifyeka, ndicho chakula cha watoto.

Mara ya pili nikaamua waya. Nilikwenda Mbeya mjini, nikanunua roli la waya wa mtandao lililoandikwa Cat6 na kamera ya waya, pamoja na vile vijipande viwili vya kupitisha umeme na picha kwenye waya mmoja. Nyumbani unachomeka adapta ya volti 12, kule mwisho kamera inapata umeme wake. Nikaufunga waya kwenye uzio mpaka bandani. Mchana picha ni safi kabisa. Ikifika saa moja jioni, giza likiingia, zile taa nyekundu ndogo za kamera zinawaka, kisha kamera inazima. Inajiwasha. Inazima. Hivyo hivyo hadi alfajiri.

Naomba msaada wenu. Kwa nini inakufa usiku? Pili, naogopa radi, na mnaoishi huku Rungwe mnajua ninachosema. Na tatu, hii kamera itanila bando kiasi gani? Nina ng'ombe mwingine ana mimba ya miezi minane.

FundiKabwe

Pole sana mkuu kwa ndama. Mimi ni fundi hapa Mbeya mjini na hilo la usiku nimelikuta nyumba nyingi. Kamera yako nzima. Umeme ndio haufiki.

Piga hesabu nami. Unyuzi mmoja wa waya huo, ukiwa wa shaba halisi, una ukinzani wa karibu ohm 9 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 70 ni kama ohm 6. Vile vijipande vinatumia nyuzi mbili kupeleka umeme na mbili kuurudisha. Ukijumlisha kwenda na kurudi unapata tena kama ohm 6. Mchana kamera inakula wati 3 hivi, yaani robo ampea. Njiani inapotea volti moja na nusu, kamera inapata 10.5, inavumilia. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inataka wati 7. Mkondo unavuka nusu ampea, volti 3 na zaidi zinapotelea njiani. Volti zikishuka kamera inavuta mkondo mwingi zaidi ili kufidia, volti zinashuka tena, inazima. Ikishazima hakuna kinachovuta, volti zinapanda, inawaka upya. Ndicho unachokiona.

Hapo nimehesabu shaba halisi. Chukua kisu ukwangue unyuzi mmoja taratibu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, uliuziwa alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unauzidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na ukiukunja mara chache tu unakatika. Siku hizi roli za hivyo ni nyingi na zimeandikwa Cat6 vizuri kabisa. Mimi dukani huwa naomba kukwangua kabla ya kulipa. Anayekataa, namwachia roli lake.

Dawa yako ni PoE ya kweli, yaani umeme na mtandao kwenye waya mmoja, kwa kiwango kinachoitwa 802.3af, kinachosafirisha karibu volti 48. Wati 7 kwa volti 48 ni ampea 0.15 tu, na kwenye waya wa urefu huo utapoteza volti moja hivi. Unahitaji kamera inayopokea PoE, na injekta (kifaa kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao) au swichi ya PoE pale kwenye rauta. Injekta ya kiwango hicho huiuliza kamera kwanza kabla ya kumwaga umeme. Kuna injekta nyingine za volti 24 zinazokuja na antena za nje, hizo zinamwaga bila kuuliza chochote. Usizichanganye, utaunguza kitu.

Mita 68 uko salama, kikomo cha waya huu ni mita 100. Ila uushushe kwenye uzio. Waya wa ndani ya nyumba ukipigwa jua na mvua gamba lake linapasuka, maji yanaingia na kutembea ndani yake mpaka kwenye kamera.

Ukibana vichwa vya waya mwenyewe, fuata mpangilio huu pande zote mbili, klipu ikiwa chini na wewe ukitazama migongo ya pini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi wanakosea pale katikati: bluu inaingia kati ya zile mbili za kijani. Ukizipanga kijani kwa kijani taa zinaweza kuwaka na picha isipite.

MamaKuku_Mafinga

Kamwene jamani. Mwanatukuyu pole mdogo wangu, mfugaji ndiye anayejua uchungu wa kukuta mnyama amekufa na ulikuwa umelala hatua chache tu.

Fundi naomba nami unisaidie. Banda langu la kuku liko mita 30 hivi na lina umeme. Nilinunua vile vifaa viwili vya kuchomeka kwenye soketi, intaneti ipite kwenye nyaya za umeme zenyewe. Nyumbani kimewaka, bandani kimewaka, lakini havionani hata dakika moja.

FundiKabwe

Shikamoo mama. Banda lina mita yake ya LUKU au linatumia ya nyumbani?

MamaKuku_Mafinga

Marahaba baba. Lina yake. Tulitenganisha ili nijue kuku wananila umeme kiasi gani.

FundiKabwe

Basi ndiyo sababu mama. Vile vifaa vinataka nyaya za saketi moja, nyuma ya mita moja. Mita mbili ni kama nyumba mbili za majirani. Na hata kwenye mita moja, ukiwasha mashine ya kukoboa au pampu, vinayumba. Kwa mita 30 usiumize kichwa, vuta waya ndani ya bomba. Kwenye banda la kuku kichwa cha waya kikae ndani ya kiboksi kilichofungwa, maana ile harufu kali ya mbolea inakula pini mpaka zinageuka kijani. Pakaa grisi ya silikoni kabla ya kuchomeka.

MtuWaMbao

Nami niko Mafinga, nina stoo ya mbao mita 350 kutoka nyumbani. Hapo waya wa kawaida haufiki. Nilifunga antena mbili za nje za gigahezi 5, moja juu ya paa la nyumba na nyingine kwenye nguzo ya stoo, zinatazamana. Zina kazi moja tu, kubeba mtandao kutoka hapa kwenda kule. Kule kuna swichi ndogo na kamera tatu. Mwaka wa pili huu.

Siri yake ni kwamba haitoshi jicho kuiona antena ya upande wa pili. Mawimbi yanatanuka katikati ya safari. Kwa mita 350 unahitaji nafasi wazi ya kama mita 2 kuzunguka ule mstari wote, juu, chini na pembeni. Yangu ilikuwa inasuasua wakati naiona antena ya pili vizuri kabisa, kumbe mstari ulikuwa unapita karibu mno na kichwa cha msindano mmoja. Nilipandisha nguzo kwa bomba la mita 3 ikakaa sawa. Ila mkuu wa Tukuyu, kwa migomba hiyo na mita 68, mimi naungana na fundi. Chimba.

KiloloJuu

Kabla hujachimba, ngoja nikueleze yaliyonipata, maana naona radi imetajwa halafu ikarukwa.

Nilivuta waya wa shaba mita 50 kwenda banda la nguruwe, chini ya ardhi, ndani ya bomba, kila kitu safi. Machi radi ikapiga mti wa mkaratusi. Haikupiga nyumba wala banda. Ulikuwa mti tu, ulioko upande wa banda. Kamera ikafa, injekta ikafa, rauta ikafa, televisheni iliyokuwa imeunganishwa na rauta kwa waya nayo ikafa. Mke wangu alikuwa ameketi mita moja kutoka kwenye ile rauta, akaona cheche. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sina mzaha na jambo hili.

Nilikuja kuelezwa hivi. Radi ikipiga karibu, ardhi yenyewe inapanda volti, na upande wa banda unapanda kuliko upande wa nyumba. Waya wa shaba unaunganisha pande hizo mbili, kwa hiyo ile tofauti yote inapita humo. Vifaa vya mtandao vimetengenezwa kuhimili volti 1,500 kati ya waya na kifaa. Radi haijui 1,500. Na kufukia waya chini hakuzuii kitu, maana ardhini ndimo volti hizo zinamopita.

Sasa natumia faiba. Ni kioo, hakipitishi umeme. Unaweka kigeuzi kimoja nyumbani na kingine bandani, vya kugeuza mtandao wa waya kuwa mwanga na kuurudisha, na bandani unatumia sola yake ili hata umeme usitoke nyumbani. Hakuna shaba yoyote kati ya majengo mawili. Ukinunua faiba, hakikisha haina waya wa chuma wa kuishikilia ndani yake, vinginevyo umerudi kulekule.

FundiKabwe

Ndugu wa Kilolo, pole kwa hasara, na ulichoeleza ni kweli tupu. Sibishani na faiba, kwa radi hakuna kinachoishinda. Tatizo langu ni sola ya Tukuyu. Kule ukungu na mvua vinaweza kukaa juma zima, na ndicho kipindi ambacho huyu bwana anaitaka kamera. Yeye mwenyewe aone. Akibaki na shaba, aweke kinga ya radi ya waya wa neti pande zote mbili, pale waya unapoingilia jengo. Ile ya nyumbani iungwe kwenye ethi (waya wa kwenda ardhini) ileile ya nyumba, asipigilie nondo nyingine ya pekee, maana nondo mbili zisizoungana ndani ya nyumba moja ni hatari ileile imerudi. Ya bandani iwe na nondo yake palepale. Kinga hizo zinapunguza madhara ya radi ya jirani. Radi ikipiga banda lenyewe, kamera imekwenda.

Makambako_Kwetu

Kuhusu sola, mimi ninayo kwa zizi la mbuzi, nimeishi na hesabu zake. Kamera wastani wa wati 5, saa 24, ni wati-saa 120 kwa siku. Ukiongeza kigeuzi au antena ya wati 4 unafika 216. Paneli ya wati 60 hapa kwetu kiangazi inanipa wati-saa 200 na kitu. Siku za mawingu naambulia robo yake. Betri ya volti 12, ampea-saa 40, ina 480, lakini ukiila zaidi ya nusu kila siku utaiua mapema, kwa hiyo hesabu 240. Ni siku moja tu na kidogo bila jua. Kwa Tukuyu, nadhani paneli ya wati 150 na betri ya ampea-saa 100 ndiyo ya kuanzia. Hiyo ni hela nyingi kwa kamera moja.

Mwanatukuyu (mleta uzi)

Ndaga fijo wakuu. Nimekwangua waya. Ni mweupe ndani. Nimekaa nao mkononi nikautazama, nikakumbuka yule muuzaji alivyoniapia. Basi.

Hilo la bando naomba mtu anijibu, na mke wangu anauliza kama kamera inaweza kurekodi bila intaneti kabisa.

UyoleKwanza

Hilo nitalijibu mimi, na ndilo ninalotamani kila mfugaji alijue, maana nimeona watu wanaacha kufunga kamera kwa kuogopa bando.

Kamera na simu yako vikiwa kwenye rauta moja, picha inatoka kwenye kamera, inapita kwenye rauta, inaingia kwenye simu. Haitoki nje ya nyumba. Rauta ingekuwa haina hata senti ya bando ndani yake bado ungeona, ilimradi kamera ni ya aina inayokubali kutazamwa ndani ya mtandao wa nyumbani, na nyingi za PoE ni hivyo. Angalia neno ONVIF kwenye boksi. Kurekodi nako ni hivyo hivyo, memori kadi iko ndani ya kamera, au mashine ya kurekodia iko sebuleni. Bando linaliwa pale tu unapotazama ukiwa mbali, sokoni au safarini, au ukiiruhusu kamera ipeleke rekodi zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hiyo ya mwisho izime.

Kwa namba: picha ya megabiti 1 kwa sekunde, ukitazama dakika 10 ukiwa Mbeya, ni MB 75. Ukiiacha wazi siku nzima ni karibu GB 11. Kamera nyingi zina mkondo wa pili wa picha hafifu. Ukiwa mbali tumia huo, ng'ombe akiwa anazaa utamwona tu.

Kadi je? Ukirekodi mfululizo kwa megabiti 2, siku moja ni karibu GB 22. Kadi ya GB 128 inakupa karibu siku sita, kisha inafuta za zamani na kuendelea. Chagua kodeki (njia ya kubana picha) ya H.265 kama kamera inayo, siku zinaweza kukaribia mara mbili. Na ununue kadi iliyoandikwa kwamba ni ya kurekodia kamera, zile za kawaida zinachoka kwa kuandikwa usiku na mchana.

Jambo la mwisho, umeme ukikatika. Uzuri wa PoE ni kwamba kamera inakula kutoka sebuleni. Ukiiwekea rauta na injekta betri moja ya akiba, banda lote linaendelea kuonekana gizani. Kwenye kamera zenye adapta yake kule bandani hilo halipo.

MamaKuku_Mafinga

Mwanangu wa Uyole ubarikiwe. Nilikuwa nalipa hiyo hifadhi ya mtandaoni miezi yote bila kujua ndiyo inayonimalizia bando.

MtuWaMbao

Niongeze la usalama, halijaguswa. Kabla kamera haijaingia kwenye mtandao, badilisha nenosiri la kiwandani. Mwaka 2016 kulikuwa na programu haribifu iitwayo Mirai, ilizunguka duniani ikijaribu manenosiri ya kiwandani kwenye kamera na mashine za kurekodia, ikazikamata kwa maelfu. Oktoba mwaka huohuo zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Ni kamera kama hizi zetu. Kwenye rauta zima UPnP, inayoviruhusu vifaa kujifungulia njia ya kuingilia kutoka nje, na fundi akikwambia akufungulie "poti", yaani njia hiyohiyo, ili uone ukiwa mbali, kataa. Programu ya kamera inatosha.

Na kamera itazame banda lako, isitazame bafu la jirani wala njia wanayopita watu kwenda kisimani. Kijana wa kukamua aambiwe kuna kamera, asije akaigundua mwenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na hata ingekuwa haipo, ujirani unadai hivyo.

Mwanatukuyu (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya majuma matano.

Nilitafakari sana maneno ya ndugu wa Kilolo. Faiba niliitamani, lakini hesabu ya sola ya mkuu wa Makambako ilinishinda mwaka huu. Nimekwenda na shaba halisi, niliyoikwangua mwenyewe dukani, waya wa nje wenye gamba jeusi. Nimeweka kinga mbili, ya nyumbani imeungwa kwenye ethi ya nyumba. Mawingu yakianza kunguruma, nachomoa waya wa banda kwenye injekta na kuuweka mbali na rauta, isipokuwa usiku ninapomsubiri ng'ombe. Najua hapo nabahatisha.

Mtaro tulichimba mimi na vijana wangu wawili kwa siku tatu, kina cha nusu mita. Udongo wa huku ni laini, shida ilikuwa mizizi ya migomba na lile eneo ng'ombe wanapokanyaga, palipojaa tope. Pale tulishuka zaidi. Nimetumia bomba jeusi la maji, lile la kuzungusha, halina viungio vingi vya kuvujia. Ndani ya bomba nimeacha na kamba ya nailoni imelala pamoja na waya. Siku nikipata hela ya faiba nitaifunga kwenye hiyo kamba na kuivuta bila kuchimbua. Juu ya bomba, kabla ya kufukia, tumelaza vipande vya tofali ili jembe likigonga mtu asimame.

Bandani, waya kabla ya kuingia kwenye kiboksi nimeuachia uning'inie kidogo chini kisha upande, maji yadondokee pale chini yasiingie. Kamera mara ya kwanza niliifunga karibu na bati, usiku ikawa nyeupe yote: zile taa zake zinarudishwa na bati. Niliishusha sentimita 40 ikaona. Buibui ndiye tatizo nisilolitegemea. Anapenda ile joto ya lenzi, anajenga usiku, uzi mmoja tu mbele ya kamera unang'aa kama mtu kasimama na tochi. Kila jioni baada ya kukamua kijana anapitisha ufagio mdogo.

Kulikuwa na siku moja nzima simu haioni kamera. Kumbe nilikuwa nimeiingiza simu kwenye waifai ya wageni, na rauta yangu inatenganisha wageni na vifaa vya nyumbani. Niliporudi kwenye waifai ya kawaida ikaonekana papo hapo. Pia niliipa kamera anwani isiyobadilika kwenye rauta, 192.168.1.50, maana kila umeme ukirudi ilikuwa inajichukulia nyingine.

Ng'ombe wangu alizaa Alhamisi, saa nane usiku. Nilikuwa nimeamka mara ya tatu kuangalia. Alikuwa anainuka na kulala, mkia umenyanyuka upande. Nikasogeza picha. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imetoka pamoja, na puani kwa ndama palionekana katikati yake. Nilimwamsha mke wangu nikamwonyesha. Tulishuka na taa na gunia kavu, lakini hatukumgusa, alimaliza mwenyewe. Ni jike.

KiloloJuu

Hongera sana ndugu yangu. Hiyo kamba ya nailoni ndani ya bomba umefanya la maana. Faiba ukiifikia nitafute humu, nitakutumia picha za vigeuzi vyangu.

FundiKabwe

Hongera mkuu. Hiyo kinga ya bandani ikague kila baada ya mvua kubwa ya radi. Ikishafanya kazi yake inaweza kuwa imekufa na picha bado inapita, ukadhani unalindwa. Kama ina kitaa kidogo, tazama kama bado kinawaka. Kama haina, weka mpya kila msimu.